Mwangaza: Mwali au Wimbi?

1. Mtoto na mkuki

Mjini Kindu jua huchomoza ng'ambo ya mto. Kwanza mbingu hupata wekundu juu ya miti ya Alunguli. Halafu jua lenyewe hutokea, na njia ndefu ya dhahabu hulala juu ya maji ya Lualaba, toka ng'ambo mpaka bandarini. Mitumbwi hupita katika njia hiyo, na kila mtumbwi huonekana mweusi kama kaa.

Asubuhi moja mvuvi Mgenya alimchukua mtoto wake mpaka kwenye kijito kinachoingia mtoni. Maji ya Lualaba yana matope, lakini maji ya kijito hicho yalikuwa maangavu. Mchanga wa chini ulionekana wote. Samaki alikuwa ametulia karibu na jiwe. Mtoto akainua mkuki, akalenga vizuri, akapiga. Mkuki ukapita juu ya samaki. Samaki akasogea kidogo, akatulia tena. Mtoto akapiga mara ya pili, akakosa.

— Baba, samaki huyu ana dawa!

— Hapana, mwanangu. Samaki hana dawa. Wewe unapiga pale unapomwona. Piga chini yake kidogo.

Mtoto alilenga chini ya samaki, mahali palipoonekana patupu kabisa. Safari hii mkuki ulimpata.

Kumbe samaki hakuwa mahali alipoonekana! Nani basi alimdanganya mtoto? Macho yake ni mazima, na samaki hajui kusema uongo. Habari ile ililetwa na mwangaza. Ni lazima kujua tabia za mwangaza, maana maji yale yale yanayomkosesha mvuvi samaki yake yanaweza pia kumzamisha mtoto.

2. Mwangaza huenda moja kwa moja

Ingia jikoni wakati moto unatoa moshi. Kama bati lina tundu dogo, jua hupenya hapo, na ndani ya moshi huonekana kitu kama fimbo nyeupe iliyonyoka. Fimbo hiyo haipindi kushoto wala kulia. Ni mwangaza unaopita, na moshi unatuonyesha njia yake. Njia nyembamba ya mwangaza namna hii huitwa mwali. Wengi wakiwa pamoja huitwa miali.

Jaribu hivi. Chukua vipande vitatu vya karatasi ngumu. Toboa kila kimoja tundu dogo katikati. Visimamishe mezani kwa mstari mmoja, na nyuma yao weka mshumaa unaowaka. Tazama katika tundu la kwanza. Matundu yote matatu yakiwa katika mstari ulionyoka, utaona mwali wa mshumaa. Sogeza karatasi moja kidogo tu, na mshumaa hauonekani tena.

Kwa sababu hiyo kila kitu kisichopenyeka kina kivuli. Miali inayogonga mti hukatwa, na nyuma ya mti hubaki giza la umbo lake. Kindu iko karibu na mstari wa ikweta, na katikati ya Machi, na tena mwisho wa Septemba, jua la adhuhuri husimama juu kabisa ya kichwa. Hapo nguzo ya bendera iliyonyoka karibu haina kivuli, kwa kuwa kivuli chake kimeingia miguuni pake.

Chini ya mwembe kuna jambo lingine la ajabu. Mwangaza unaopenya kati ya majani huangusha madoa ya duara ardhini. Lakini nafasi kati ya majani si duara. Nyingine ni ndefu, nyingine zina pembe. Mbona madoa yote ni duara? Kila doa ni sura ya jua lenyewe. Nafasi ndogo kati ya majani ni kama tundu: miali ya upande wa juu wa jua hushuka kupitia tundu mpaka upande wa chini wa doa, na miali ya upande wa chini hufika juu.

Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita alizaliwa Basra, katika nchi ya Irak, mtaalamu aliyeitwa Ibn al-Haytham. Alichunguza miali iliyoingia katika chumba cha giza kwa tundu dogo, akaeleza jinsi inavyonyoka. Alifundisha pia kwamba jicho halitupi mwangaza kwenda kwenye vitu, kama wazee wengi wa zamani walivyodhani. Mwangaza hutoka kwenye vitu na kuingia jichoni.

Tarehe 1 Septemba 2016 mwezi ulipita mbele ya jua. Njia ya kivuli chake ilikata Kongo, ikaendelea Tanzania. Huko Rujewa, katika mkoa wa Mbeya, jua lilionekana kama pete ya moto. Jua likiwa pete, kila doa chini ya mti huwa pete ndogo. Na mahali ambapo mwezi unaziba kipande tu cha jua, madoa huwa kama mwezi mchanga. Hii ni njia njema ya kuona kupatwa kwa jua: tazama ardhini, usitazame juu. Anayelikazia jua macho matupu anaweza kupofuka, hata kama limebaki kipande chembamba, na wakati wa kupofuka hasikii maumivu yo yote.

3. Mwangaza hurudi

Mpira ukipigwa ukutani kwa mshazari hurudi kwa mshazari ule ule upande wa pili. Mwali hufanya vivyo hivyo juu ya kioo. Pembe ya kuingia na pembe ya kurudi ni sawa. Maji yaliyotulia nayo ni kioo. Ndiyo sababu miti ya Alunguli huonekana kichwa chini mtoni wakati hakuna upepo. Upepo ukivuma, maji hujaa mikunjo, kila mkunjo hurudisha miali upande wake, na sura ya miti huvunjikavunjika.

Ukuta wa udongo si laini kama kioo. Hutawanya miali pande zote, na kwa hiyo tunauona ukuta wenyewe, si sura zetu ndani yake.

4. Mwangaza hupinda majini

Weka kifungo ndani ya bakuli. Rudi nyuma polepole mpaka ukingo wa bakuli ukizibe, kisha simama hapo hapo. Mwenzako amimine maji taratibu. Kifungo kitaonekana tena! Hakuna aliyekisogeza. Mwali uliotoka kwenye kifungo umepinda ulipotoka majini kuingia hewani, ukaruka ukingo na kukufikia.

Kwa nini unapinda? Hewani mwangaza huenda karibu kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Mbio hizo zingetosha kuzunguka dunia yote mara saba na zaidi katika sekunde moja. Toka jua mpaka dunia ni kilometa karibu milioni 150. Mwangaza huchukua dakika 8 na sekunde 20 hivi. Lakini ndani ya maji huenda kilometa 225,000 tu kwa sekunde, yaani robo tatu ya mwendo wake wa hewani.

Sasa fikiri wanafunzi kumi wameshikana mikono, wanatembea kwa mstari mmoja. Mbele yao kuna tope, nao wanalifikia kwa mshazari. Wa kushoto wanaingia topeni kwanza, wanapunguza mwendo. Wa kulia bado wako penye ardhi kavu, wanaendelea haraka. Je, mstari utakuwaje? Utageuka. Ndivyo mwangaza unavyogeuka unapoingia majini kwa mshazari. Ukitoka, hugeuka kwa upande mwingine.

Jicho halijui kwamba mwali umegeuka njiani. Jicho hudhani kila mwali umenyoka tangu mwanzo, na kwa hiyo linamweka samaki juu kuliko alipo.

Hapa msomaji ashike jambo moja kwa maisha yake yote. Ukitazama maji maangavu ukiwa juu yake, chini huonekana karibu: robo tatu tu ya kina cha kweli. Kijito kinachoonekana kina meta 1 na sentimeta 20 kina kweli meta 1 na sentimeta 60. Mtoto wa meta 1 na sentimeta 40 anaona maji yatamfikia shingoni. Anaruka, na maji yanampita kichwa. Ukitazama kwa mshazari toka ukingoni, udanganyifu ni mkubwa zaidi. Kwa hiyo usipime maji kwa macho. Pima kwa fimbo ndefu au kwa upondo wa mtumbwi, na mtu mzima awepo.

5. Fumbo la ngoma

Mpaka hapa mwangaza unafanana na mshale: unanyooka, unagonga, unarudi. Isaac Newton, mtaalamu mkubwa wa Uingereza, alidhani kwamba mwangaza ni chembe ndogo sana zinazorushwa na kitu kinachowaka. Aliandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1704. Lakini Christiaan Huygens wa Uholanzi alikuwa ameandika katika kitabu cha mwaka 1690 kwamba mwangaza ni wimbi.

Nani alikuwa na haki? Fikiri usiku kijijini. Nyuma ya nyumba kubwa watu wanapiga ngoma, na taa yao inawaka. Wewe uko upande wa pili wa nyumba. Ngoma unaisikia, lakini taa huioni. Sauti ni wimbi la hewa, nayo huzunguka pembe ya nyumba. Kama mwangaza nao ni wimbi, mbona hauzunguki pembe?

Swali hili ni zuri. Newton mwenyewe alilitumia kuwapinga watu wa mawimbi. Jibu lake liko mtoni.

6. Somo la mawimbi

Wimbi ni kitu gani? Tupa jiwe kwenye maji yaliyotulia. Duara hutokea na kupanuka. Jani linaloelea hupanda na kushuka, lakini halisafiri pamoja na duara. Maji hayaendi mbali. Kinachokwenda ni mtikisiko. Sehemu iliyoinuka ni mgongo wa wimbi, sehemu iliyoshuka ni bonde. Toka mgongo mmoja mpaka mgongo unaofuata ndio urefu wa wimbi.

Sasa simama kandokando ya bandari, mashua ya injini inapopita. Mawimbi yake yanakuja ukingoni. Angalia mti mwembamba uliochomekwa majini kwa kufungia mtumbwi. Mawimbi yanaupita, na nyuma yake yanaungana tena kama vile mti haupo. Kisha angalia mashua kubwa iliyofungwa. Nyuma yake maji yametulia. Mashua ina kivuli cha mawimbi; mti mwembamba hauna.

Mawimbi ni yale yale. Tofauti ni ukubwa wa kitu kinachozuia. Kitu kikiwa kidogo kama urefu wa wimbi, au kidogo zaidi, wimbi hukizunguka. Kikiwa kikubwa mara nyingi kuliko wimbi, wimbi hukatwa na kuacha kivuli.

Wimbi la sauti nene ya ngoma lina urefu wa meta 1, 2 au zaidi. Pembe ya nyumba si kizuizi kikubwa kwake. Lakini kama mwangaza ni wimbi, nalo ni fupi mno, basi hata unywele ni kama mashua kubwa mbele yake. Ndipo unapoonekana kama umenyooka! Ili kuona wimbi hilo likipinda, ni lazima kutafuta tundu dogo sana au kitu chembamba sana, na kutazama kwa uangalifu mkubwa.

7. Padri wa Bologna na daktari wa London

Mtu wa kwanza aliyetazama kwa uangalifu huo na kuandika habari zake alikuwa padri Mjesuiti, Francesco Maria Grimaldi. Alizaliwa Bologna, Italia, mwaka 1618, akafundisha huko huko. Aliziba madirisha ya chumba, akaacha tundu dogo sana liingize mwali wa jua. Katikati ya mwali aliweka kitu chembamba, akapima kivuli chake. Kivuli kilikuwa kipana kuliko ilivyopasa kama mwangaza ungenyooka kabisa, na kandokando yake palikuwa na mistari ya rangi. Grimaldi aliona kwamba mwangaza una njia nyingine tena ya kwenda, mbali na kunyooka, kurudi, na kupinda majini. Alikufa mwaka 1663. Kitabu chake kilitolewa mwaka 1665, naye hakukiona.

Ilipita miaka zaidi ya mia kabla ya mtu mwingine kulimaliza fumbo. Huyo alikuwa Thomas Young, daktari wa wagonjwa mjini London, aliyezaliwa mwaka 1773. Young alifikiri hivi: kama mawe mawili yakitupwa majini karibu karibu, maduara yake hukutana. Mgongo ukikutana na mgongo, maji huinuka zaidi. Mgongo ukikutana na bonde, maji hutulia. Wimbi na wimbi vinaweza kufutana. Chembe haziwezi: mchanga ukiongezwa juu ya mchanga huzidi, haupungui kamwe.

Mwaka 1803 aliwaeleza wataalamu wenzake jaribio moja rahisi. Alitoboa tundu dogo katika karatasi nene iliyoziba dirisha, mwali wa jua ukaingia. Katikati ya mwali alishika ukingoni kipande chembamba cha kadi, kisichofika hata milimeta 1. Mwangaza ukapita pande zote mbili za kadi. Ndani ya kivuli chake ilionekana mistari ya mwangaza na ya giza. Ndipo akaziba mwangaza wa upande mmoja. Mistari ikapotea yote!

Fikiri vizuri maana yake. Mwangaza wa upande wa pili haukuguswa, lakini mistari ilipotea. Basi mistari ilikuwa kazi ya pande mbili pamoja: penye mgongo na mgongo pakawa na mwangaza, penye mgongo na bonde pakawa na giza. Mwangaza ukiongezwa juu ya mwangaza ulizaa giza. Hilo ni jambo la mawimbi.

Kutoka kwa vipimo kama hivyo watu walipata urefu wa wimbi la mwangaza. Ndani ya milimeta moja huenea mawimbi 1,400 hivi ya mwangaza mwekundu, na 2,500 hivi ya mwangaza wa zambarau. Kumbe rangi ni urefu wa wimbi! Na mwaka 1850 Mfaransa Léon Foucault alionyesha kwamba mwangaza huenda polepole zaidi majini kuliko hewani. Watu wa chembe walikuwa wamesema kinyume chake.

8. Mawimbi katika mkono wa mtoto

Si lazima kwenda London. Weka vidole viwili pamoja, uache upenyo mwembamba kama uzi. Vilete karibu na jicho, utazame mbingu nyeupe, lakini si jua. Punguza upenyo polepole. Kabla haujafunga utaona ndani yake mistari myembamba myeusi. Ni mawimbi ya mwangaza yanayofutana.

Au kata bua la jani la mpapai, lililo wazi ndani, ulichovye katika maji ya sabuni na kupuliza. Povu litajaa rangi. Sabuni haina rangi hizo wala maji hayana. Ngozi ya povu ni nyembamba mno. Mwangaza mwingine hurudi kwenye uso wake wa nje, mwingine kwenye uso wa ndani, na mawimbi haya mawili hukutana. Mahali pengine wekundu hufutwa, pengine kijani, na rangi zilizobaki ndizo huonekana. Maji yanaposhuka chini, ngozi ya juu huzidi kuwa nyembamba na rangi hubadilika. Ikiwa nyembamba kupita kiasi huonekana nyeusi, na mara povu hupasuka. Mazutu iliyomwagika majini bandarini huonyesha rangi kwa sababu hiyo hiyo.

Redio nayo hupokea wimbi lililo ndugu wa mwangaza. Linakwenda mbio zile zile, lakini ni refu: wimbi la redio ya FM lina meta 3 hivi. Kwa hiyo redio husikika nyuma ya nyumba, mahali ambapo taa haionekani.

9. Nani alikuwa na haki?

Kwa kazi nyingi inatosha kuchora miali iliyonyoka. Mtengenezaji wa miwani hufanya hivyo, na mpiga picha pia. Mambo yakiwa madogo sana, miali haitoshi tena. Hapo mawimbi ndiyo hueleza. Na mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwamba mwangaza unapotoa nguvu zake huzitoa kwa mafungu madogo madogo, kama punje. Vibao vya jua vilivyo juu ya mabati ya nyumba nyingi leo hufanya umeme kwa kupokea punje hizo. Basi hata Newton hakukosea kila kitu, ingawa punje hizi si zile alizozifikiri.

Yule mvuvi hakusoma habari za Grimaldi wala za Young. Lakini alijua kwamba jicho peke yake halitoshi, naye alimfundisha mtoto wake kulenga chini. Wataalamu nao walifanya vile vile: waliona, wakashangaa, wakapima. Anayepima hadanganywi na maji maangavu.

Maneno ya kushika

Mwali: njia nyembamba iliyonyoka ya mwangaza.
Wimbi: mtikisiko unaosafiri, wakati maji au hewa yenyewe haiendi mbali.
Mgongo na bonde: sehemu ya juu na sehemu ya chini ya wimbi.
Urefu wa wimbi: nafasi toka mgongo mmoja mpaka mgongo unaofuata.

Maswali

1. Kwa nini mkuki wa mtoto ulipita juu ya samaki?
2. Maji maangavu yanaonekana, ukiyatazama toka juu, kuwa na kina cha sentimeta 90. Kina chake cha kweli ni kiasi gani?
3. Madoa ya jua chini ya mwembe ni sura ya kitu gani? Yanakuwaje wakati mwezi unaziba kipande cha jua?
4. Kwa nini sauti ya ngoma huzunguka nyumba, na mwangaza wa taa hauzunguki?
5. Young alipoziba mwangaza wa upande mmoja, nini kilitokea? Jambo hilo linaonyesha nini?
6. Kazi ya nyumbani: pima kwa fimbo kina cha maji ndani ya ndoo kubwa. Kabla ya kupima, kisia kwa macho na uandike. Linganisha hesabu zako mbili.